Antena ya Maji ya Chumvi: Kutoka Mkono wa Mtoto hadi Vioo vya Westlands

Leo naweka programu kando, nataka kuongea juu ya antena. Najua wengi wenu mtasema antena ni mambo ya mafundi wa Luthuli Avenue, si ya watu wa kompyuta. Ngojeni kidogo.

Kama ulilelewa kwenye nyumba yenye televisheni ile nene ya mgongo mrefu, unajua kazi ya mtoto wa mwisho. Habari za saa moja zinaanza, picha imejaa chenga, na wewe unatumwa kushika antena. Ukishika tu, picha inatakata. Ukiachilia, chenga zinarudi. Basi unaambiwa, "Kaa hapo hapo! Usitingishike!" Kwetu Kangemi kazi hiyo ilikuwa yangu, na niliifanya mpaka mkono ukafa ganzi. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini mkono wangu unasafisha picha. Nilikuja kuelewa chuoni, tena si darasani, bali nikisoma vitu ambavyo havikuwa kwenye mtihani.

Jibu ni kwamba zaidi ya nusu ya mwili wa mtu ni maji, na maji hayo yana chumvi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme. Mtoto akishika antena, antena inarefuka ghafla na jinsi inavyolingana na televisheni inabadilika. Mara nyingine mambo yanaharibika zaidi, mara nyingine yanatengenezeka. Kwa maneno mengine nilikuwa antena ya majimaji miaka mingi kabla sijasikia kwamba kuna maabara zinazotafiti antena za majimaji.

Na zipo kweli. Kuna antena za maji ya bahari, kuna za metali iliyoyeyuka, kuna za wino unaopakwa juu ya kioo na ukikauka huuoni. Lengo la nyingi kati ya hizo ni antena angavu, yaani unatazama ng'ambo yake kama unavyotazama dirishani. Nimekuwa nikifuatilia historia hii kwa miezi kadhaa na nina sababu yangu, nitaisema huko mbele.

Hapa Nairobi, historia ya antena ni historia ya vitu vinavyoonekana kutoka mbali. Matangazo ya redio yalianza hapa mwaka 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Televisheni ilikuja mwaka 1962, na mtambo wa kwanza wa kuirusha uliwekwa kwenye nyumba ya shambani huko Limuru. Ulifikia eneo la maili 15 hivi, kama kilometa 24. Siku moja nilipima kwenye ramani kuanzia Limuru mjini, kwa mstari ulionyooka. Kangemi iko kama kilometa 21, katikati ya jiji kama 28. Maana yake watu wa huku magharibi tungeingia ndani ya duara, na mabwana wa mjini wangebaki nje kidogo wakihangaika! (Mawimbi hayakatiki ghafla kama ua la mchongoma, lakini niacheni nifurahi.) Mwaka 1970 kituo cha satelaiti cha Longonot kikafunguliwa kule Bonde la Ufa, na sahani yake kubwa ikawa kitu cha kuonyeshwa watoto.

Guka yangu alikuwa fundi wa redio na televisheni. Alikuwa na meza ndogo karibu na Luthuli Avenue, na jioni alitengeneza antena nyumbani kwa mabomba ya alumini. Hakuwa na chombo cha kupimia masafa. Alipima kwa shubiri. Alijua bomba la stesheni hii ni shubiri ngapi na la ile ni ngapi, na antena zake zote zilitazama Limuru. Wateja wasio na pesa ya bomba aliwaonyesha namna ya kutumia mfuniko wa sufuria au henga ya nguo. Mitaa yetu yote ilikuwa na vifuniko vya sufuria juu ya mabati.

Haya yote yalikwisha Februari 2015, serikali ilipozima mitambo ya analogi. Stesheni kubwa zilitoweka hewani karibu wiki 3 kwa sababu ya mvutano kati yao na mamlaka, na ziliporudi zilirudi kwa dijitali. Picha ya dijitali haina chenga. Ipo au haipo. Mtoto hana tena kazi ya kushika kitu, na Guka akaniambia biashara yake imezimwa pamoja na mitambo.

Sasa turudi kwenye maji. Jeshi la majini la Marekani lina shida moja ya zamani: meli ya kivita ina antena nyingi mno, nyingine ndefu sana, na zinagombania nafasi. Katika miaka ya 2000 kituo chao cha utafiti cha SPAWAR, San Diego, kilijaribu jambo linalofanana na mzaha. Wakachukua pampu, wakarusha maji ya bahari juu kama chemchemi, wakapitisha maji hayo katikati ya pete ya sumaku iliyounganishwa na redio. Mlizamo wa maji ukawa antena! Ukitaka masafa mengine unapandisha au kushusha urefu wa chemchemi. Usipoitaka unafunga pampu, na antena haipo. Hataza yao ilitolewa mwaka 2011. Januari 2016 kampuni ya Mitsubishi Electric ya Japani ikatangaza ya kwake, SeaAerial, na kusema ufanisi wake unafikia asilimia 70. Waliitumia kupokea televisheni ya dijitali.

Niliposoma asilimia 70 sikuamini. Maji ya bahari ni kipitishi kibovu sana. Shaba inapitisha umeme kwa kiwango cha simensi milioni 58 kwa mita, maji ya bahari simensi 5 tu. Tofauti ni zaidi ya mara milioni 10. Basi nikaamua kujaribu mwenyewe.

Nilienda duka la hadware hapa Kangemi nikanunua mpira wa levo, ule mpira mwangavu ambao mafundi wa ujenzi hutia maji ili wajue ukuta umelala sawa. Kipenyo chake cha ndani ni kama sentimeta 1. Nikakata kipande cha sentimeta 76, ambacho ni robo ya wimbi la megahezi 98.4, masafa ya Capital FM. Chini nikaziba kwa bolti ya shaba, nikaunganisha bolti na kile kidude cha USB cha kupokea televisheni chenye chipu ya RTL2832U. Tangu 2012 watu waligundua kwamba kidude hicho kinaweza kutoa mawimbi ghafi kwa kompyuta, na hapo mtu wa programu anaweza kujiingiza kwenye ufundi bila kuchoma vidole. Nikaandika kiprogramu kifupi cha Python cha kulinganisha nguvu ya mawimbi, nikafunga mpira kwenye grili ya dirisha.

Kwa waya wa shaba, sawa kama nilivyotarajia. Kwa maji ya bomba, karibu hakuna kitu, bolti peke yake ilisikia zaidi. Kwa maji yenye chumvi kama ya bahari, gramu 35 kwa lita, redio ikaongea, lakini desibeli 15 hivi chini ya waya. Halafu nikatia chumvi mpaka ikakataa kuyeyuka, kama gramu 360 kwa lita. Mama akauliza kama napika mboga ya kijiji kizima. Pengo likashuka hadi desibeli 9.

Hesabu yake inaeleweka. Nguzo nyembamba hiyo ya maji makali ya chumvi inapoteza nishati kana kwamba kuna kizuizi cha omu 220 njiani, na antena ya urefu huo hurusha kama yenye omu 36. Kwa hiyo sehemu kubwa inaishia kupasha maji joto. Lakini angalieni hili: nikaweka mipira minne sambamba na kuifunga pamoja, pengo likawa kama desibeli 5. Siri ya Wajapani ni unene. Nguzo nene ya maji ina nafasi nyingi ya umeme kupita, na umeme wa masafa haya hupenya ndani ya maji ya bahari kwa sentimeta 2 hivi, wakati kwenye shaba unatembea juu ya ngozi tu. Maji ni dhaifu lakini yanafanya kazi kwa mwili mzima.

Halafu nikatazama mpira wangu dirishani na nikaona miti ya jirani kupitia ndani yake. Antena angavu, kwa mpira wa levo na chumvi ya dukani.

Kwa nini basi simu zetu hazina antena za maji? Na kwa nini shaba haiwezi kuwa angavu? Maswali haya mawili yana jibu moja, na kwangu ndilo tamu kuliko yote. Ndani ya shaba kuna elektroni nyingi mno zinazozurura huru. Ndizo zinazobeba umeme. Mwanga nao ni wimbi kama la redio, ila la kasi zaidi, na elektroni hizo ni nyepesi kiasi kwamba zinacheza hata na mwanga na kuurudisha. Ndiyo maana metali inang'aa na huoni ng'ambo. Kwenye maji ya chumvi wabebaji si elektroni huru bali ioni, chembe nzima za chumvi, nzito mara maelfu. Redio ya FM ikizisukuma zinaenda. Mwanga ukizisukuma hazina habari. Mwanga unapita zake.

Ioni hizohizo ndizo zinazoyaponza maji, kwa sababu zinapitisha umeme kidogo. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo maji yanavyoacha kujifanya waya. Kwa maji ya bahari mpaka uko karibu na gigahezi 1, na simu zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kwa hiyo mpira wangu ni mzuri kwa FM na televisheni, lakini usiniletee simu ya 4G.

Metali za majimaji nazo hazisaidii upande huu. Mwaka 2009 watu wa Chuo Kikuu cha North Carolina State walijaza mchanganyiko wa galiamu na indiamu, ambao ni majimaji kwenye joto la kawaida la chumbani, ndani ya mpira laini. Antena hiyo unaivuta inabadilisha masafa, unaikata inajiunga tena. Ajabu kabisa, lakini inang'aa kama kioo cha kujitazamia. Huoni ng'ambo.

Njia ya tatu ilikuwa kutafuta kitu chenye elektroni huru, lakini chache. Karl Bädeker, kule Ujerumani, aligundua mwaka 1907 kwamba utando mwembamba wa oksidi ya kadmiamu unapitisha umeme na bado unaona ng'ambo. Baadaye ikaja oksidi ya indiamu na bati, ambayo iko juu ya skrini ya karibu kila simu ya kugusa. Mwaka 1997 watafiti wawili wa NASA, Simons na Lee, walionyesha kwamba karatasi ya plastiki yenye utando mwembamba wa fedha inaweza kukatwa ikawa antena bapa angavu. Ilikuwa na hasara zake, lakini ilifanya kazi.

Na hapo majimaji yakarudi kwa mlango wa nyuma, kama wino. Mwaka 1977 Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walionyesha kwamba plastiki inaweza kupitisha umeme (walipewa Nobel mwaka 2000, na yote yalianza kwa kosa la mtu kutia kichocheo mara elfu kuliko kipimo). Mojawapo ya watoto wa ugunduzi ule ni PEDOT:PSS, majimaji ya rangi ya buluu iliyokolea ambayo ukiyapaka membamba yanakauka yakawa utando angavu. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, kilitangaza antena ya kupuliza kama rangi ya gari. Ni unga wa titani na kaboni uitwao MXene, uliokorogwa kwenye maji tu. Waliufanya mwembamba hadi nanomita 62, karibu hauonekani, na bado ukarusha mawimbi.

Sasa sababu yangu.

Ofisi yetu iko kwenye jengo moja la vioo huku Westlands. Jengo zuri. Jua la saa nane linapiga kioo na ndani huhisi joto. Lakini simu hazishiki. Sisi tunatengeneza programu za malipo, ujumbe wa siri wa tarakimu ukitumwa inabidi mtu atoke mpaka kwenye ngazi ndipo auone. Tulilizoea kama mzaha. Siku moja mwaka jana Guka alianguka nyumbani. Shangazi alinipigia kuanzia saa nane mchana. Wi-Fi ilikuwepo, lakini shangazi hana WhatsApp, ana kabambe. Nilishuka ngazi saa kumi na moja kwenda kutafuta chai, na jumbe zote zikaingia kwa mpigo mmoja mfukoni. Nilifika hospitalini saa mbili usiku, na alikuwa hawezi tena kuongea.

Nilitaka kujua nani wa kulaumiwa, nikapata kioo. Vioo vya kisasa vya kuzuia joto vina utando wa fedha au oksidi ya metali, wenye unene wa nanomita kumi na kitu au zaidi kidogo. Idadi ya elektroni na unene wa utando vimepangwa ili mwanga upite lakini joto la jua, ambalo ni wimbi refu kuliko mwanga, lirudishwe nje. Wimbi la simu ni refu zaidi tena. Nalo linarudishwa pamoja na joto. Utando wa namna hii unaweza kula desibeli 20 hadi 30 na zaidi, yaani inabaki sehemu moja ya mia, au moja ya elfu.

Mmeona? Ni kitu kilekile! Utando ule NASA walioukata ukawa antena ndio ndugu wa utando unaoziba simu yangu. Tofauti ni mkato tu. Utando mzima bila mchoro ni ukuta. Utando uliochorwa vizuri ni mlango, au ni antena. Kule Uswisi, chuo cha EPFL na shirika la reli la BLS walifanya hivyo kwa madirisha ya treni mwaka 2016: wakachora mistari myembamba sana ya leza kwenye utando, mawimbi ya simu yakapita, na joto likaendelea kuzuiwa. Japani, NTT Docomo na kampuni ya vioo ya AGC walitangaza mwaka 2018 antena angavu ya kubandika dirishani kwa ndani, ili dirisha lenyewe liwe kituo cha simu badala ya kuongeza chuma kwenye paa.

Kwa jengo letu, hata hivyo, mambo ni magumu. Kwenye vioo viwili vilivyounganishwa, utando hufungiwa katikati, huwezi kuuchora baada ya kujengwa. Na antena ya kubandika kwa ndani haitaona nje kwa sababu ya utando huohuo. Mchoro unatakiwa ufanywe kiwandani, kabla kioo hakijapandishwa, na anayeagiza kioo hupimiwa joto na mwanga. Sijaona mtu Nairobi akimwuliza muuzaji wa vioo habari za desibeli. Mimi sasa nauliza. Tukienda kuangalia ofisi mpya nakuwa na kidude changu cha USB mfukoni, na nachungulia masafa ya gigahezi 1.8 ndani na nje kabla hata sijauliza kodi. Wenzangu wananicheka, lakini mwezi jana tuliikataa ghorofa moja kwa sababu ya namba hizo.

Mimi naamini wino wa kupaka utafika hapa kabla ya vioo vya leza. Kitu unachopuliza kama rangi ni cha jua kali kabisa, na najua mzee mmoja ambaye angekipima kwa shubiri na kukipatia. Lakini kwanza bei ishuke, na utando uvumilie jua na mvua miaka mingi bila kubanduka, na hapo bado pana kazi.

Mipira yangu minne ingali kwenye grili. Bolti ya shaba imeanza kutoa uchafu wa kijani, maji yamegeuka rangi kama ya mrenda, na kila wiki redio inapoteza desibeli moja hivi. Chumvi inaila. Jumamosi napitia hadware kutafuta bolti ya stenlesi, nitawaambia kama imesaidia.